Miaka Mia Moja ya Klabu ya Miaka Minne

Kuanzia Jumatatu, klabu ya Atlético Serra Nova, iliyokuwa na umri wa miaka minne, itakuwa na umri wa miaka mia moja. Ndivyo lilivyosema tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi, lenye mhuri na sahihi ya rais wa klabu, Daktari Valdomiro Sarmento. Hakuwahi kumtibu mtu wala kusomea lolote, lakini mjini Ribeirão das Telhas mwenye gari la vioo vyeusi huitwa daktari hata na polisi.

Dona Iracy, mfua jezi wa klabu, alilisoma akiwa na ndoo mkononi. Akalirudia, maana aya ya mwisho ilimchoma: uwanja wa vumbi ulio nyuma ya jukwaa la kusini utatiwa lami, uwe maegesho ya magari ya wageni wa sherehe ya karne.

Kwenye uwanja huo timu ya mtaa, União da Olaria, ilikuwa ikicheza kila Jumapili tangu enzi za wafyatua matofali, miaka mia moja nyuma. Marehemu mumewe aliichora mistari yake kwa chokaa miaka thelathini, na alipofariki Iracy akaichukua ndoo. Ndicho kitu pekee alichoachiwa ambacho hakikuwa picha. Alisonya, akaenda kufua.

Sababu ya klabu kuzeeka ghafla ilikuwa nzito. Katika miaka minne ilikuwa imehama miji miwili na kubadili jina mara tatu, na rangi zake zilifuata mdhamini. Iracy alishafua jezi za kijani, za zambarau, na msimu mmoja wa aibu, za rangi ya soda ya machungwa. Mashabiki wa timu pinzani walikuwa wameacha hata kutukana. Walikuja na zile chuchu za plastiki za kunyamazishia watoto wachanga, wakazinyonya kwa utulivu dakika zote tisini. Mechi iliyopita moja ilimwangukia Daktari pajani, mbele ya wakwe zake.

Basi ilikuwa imeundwa Tume ya Kupata Mambo ya Kale, chini ya Mkurugenzi wa Turathi, bwana Evandro. Tume ilikutana mara tisa, ikala mikate ya jibini, ikaafikiana kwamba klabu ina historia ndefu sana, ila haijatokea bado. Baada ya kikao cha kumi Evandro aliteremka chumba cha kufulia.

"Shikamoo, Dona Iracy. Nasikia unalo daftari la ile timu ya vumbini."

"Marahaba. Lipo kwenye kopo la biskuti. La nini?"

"Klabu imeamua kuwaenzi. Tutaandika kuwa União ndiyo sisi."

"União ndiyo ninyi, au ninyi ndio União?"

"Si yale yale, mama?"

"Kama ni yale yale, andika hilo la pili."

Evandro akaandika hilo la pili.

"Na uwanja?"

"Hilo la maegesho limeshapita kikaoni. Usilifufue."

"Basi lisome daftari lote kabla hujampelekea msajili."

"Mama, hiki ni kitu cha kale. Cha kale hakisomwi, kinahifadhiwa."

Iracy akampa kopo zima, na biskuti mbili zilizobaki.

Mjini hapo, jambo lisilopigwa mhuri na msajili wa nyaraka halijatokea, hata kama limekuua. Kwa hiyo Daktari alikwenda mwenyewe, kavaa viatu vyeupe. Karani wa msajili, bwana Nivaldo, alikuwa mtu wa kunyoosha mambo; alilifungua daftari, akakuta katiba ya União ndani.

"Klabu moja haiwezi kuwa na katiba mbili, Daktari. Inabaki ipi?"

"Ya zamani, bwana wee. Sasa hapa tumefuata nini?"

Akatia sahihi. Nivaldo akailinganisha na ile iliyo kwenye jalada, akapiga mhuri.

Siku ya sherehe katapila lilikuwa tayari linanguruma nyuma ya goli la uwanja wa vumbi. Iracy alisimama mbele yake na ndoo yake ya chokaa. Aliogopa kweli, na hakujali nani anaona. Jukwaani, Nivaldo aliombwa kuwasomea wageni hati ya karne kwa kipaza sauti. Alisoma kama anavyosoma kila kitu, bila kuruka.

"Kifungu cha nne. Uwanja wa vumbi hautatiwa kitu chochote isipokuwa chokaa. Kifungu cha tano. Rais atakuwa aliyechora mistari kwa mkono wake mwenyewe kwa miaka mingi kuliko wenzake walio hai. Asiyewahi kuchora, hata akiwa daktari, ni mtazamaji."

Dereva wa katapila akazima injini.

"Hiyo ni timu nyingine," alisema Daktari.

"Sahihi ni yako," alisema Nivaldo. "Unaweza kuitengua kesho asubuhi. Ila klabu itarudi kuwa ya miaka minne."

Daktari akatazama nje ya uzio. Wapinzani walikuwa wamekuja bila kualikwa, midomo imefumbwa, mashavu yanacheza. Akatazama viatu vyake. Hakutengua.

Jumatatu tangazo jipya lilibandikwa kwenye mlango ule ule, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika namba kwenye jezi. Lilisema hivi:

"Klabu ina miaka mia moja, hilo halina ubishi. Bwana Valdomiro anayo minne. Kwa umri huo, hapa kwetu mtu huokota mipira. Afike Jumapili saa mbili asubuhi, na avae viatu vingine. Iracy, Rais."