Talaka ya Muda Mfupi

Jumatatu, 6 Mei

Bado tumehifadhiwa shuleni, chumba cha darasa la tano. Familia yangu inalala chini ya ubao, kichwa cha Mama Watoto kwenye kona ya hesabu. Mto ulipopasua kingo ulibeba jiko, ukuta wa nyuma, mahindi yote ya akiba na kitanda changu. Cherehani ya mke wangu tu ndiyo iliyobaki, imejaa tope mpaka kooni.

Leo shirika la misaada limekuja. Gari jeupe, kipaza sauti, binti wa miwani. Akasema kila kaya iliyobomokewa nyumba itatumiwa pesa kwenye simu, moja kwa moja, na kila mtu aitumie anavyoona inamfaa. Bila masharti! Umati ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Mtu mwenye akili hashangilii kabla ya kuchunguza. Nikanyoosha mkono, nikauliza kaya ni nini. Binti akajibu kuwa kaya ni watu wanaokula chungu kimoja.

Nimewaza mchana kutwa. Chungu kimoja, fungu moja. Basi vyungu viwili...

Jamani! Kwa nini watu hawatumii vichwa vyao?

Jumanne, 7 Mei

Nimemweleza Mama Watoto mpango. Alikuwa anakwangua tope kwenye cherehani kwa mswaki wa zamani. Nikamwambia tutaachana. Kwa muda tu! Yeye kaya yake, mimi kaya yangu, pesa zikiingia tunarudiana tukiwa matajiri. Akaniuliza kama jua limenipiga. Nikamwambia akili ni mali. Akauliza tena, polepole safari hii, kama kweli naweza kusimama mbele ya watu nikasema simtaki. Nikasema ni maneno tu, ulimi hauna mfupa.

Akaendelea kukwangua. Kimya ni ridhaa, nimechukulia hivyo.

Kaka yake alikuwa karibu, anarekebisha dirisha la darasa. Huyu shemeji yangu ni seremala, mtu wa maneno machache na dharau nyingi. Akaacha kupiga nyundo, akanitazama, akaanza tena kupiga. Wivu! Angekuwa na mke angewaza hivi hivi.

Jumatano, 8 Mei

Uandikishaji. Umefanyika uwanjani, mbele ya kijiji kizima, ili majirani wathibitishe nani ni nani. Tulipofikiwa nikajitenga hatua kadhaa, nikakohoa, nikatangaza kwamba mimi na huyu mama hatuko pamoja tena. Watu wakaguna. Nikaona habari haijakolea, nikaongeza chumvi: nikasema mapishi yake yalinishinda.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Binti wa miwani akamgeukia Mama Watoto, akamuuliza kama ni kweli. Nikamkonyeza. Akasema, “Kama amesema, ameshasema.” Safi kabisa! Nikajiambia, huyu mwanamke ana kipaji, angeigiza redioni.

Hapo mambo yakaenda mrama. Binti akauliza watoto wanakaa na nani. Na mama yao. Na bibi yao je? Na mama huyo huyo. Nyumba zilizobomoka ni ngapi? Moja. Basi pesa zitakwenda kwa mwenye watoto. Nikauliza, na mimi? Akapekua makaratasi yake, akasema mtu mmoja asiye na wategemezi anapewa blanketi na mche wa sabuni. Nikasema, ngoja kwanza. Akanishika bega, akanipa pole kwa yote ninayopitia.

Mwenyekiti wa kijiji naye, anapenda utaratibu kuliko chakula, akasema haifai mwanamume asiye na mke kulala kwenye chumba cha familia. Nimehamishiwa stoo ya michezo.

Mama mkwe akapita, akasema maji yakimwagika hayazoleki. Kijiji kizima kimefurika, yeye ananiambia habari za maji!

Ijumaa, 10 Mei

Nalala juu ya nyavu za magoli. Mwenzangu ni mzee mmoja tunayemwita Tarumbeta. Ukilala naye chumba kimoja huulizi sababu ya jina.

Asubuhi nilikwenda darasa la tano kunywa chai kama kawaida. Mama Watoto akanipokea kwa heshima zote. Akaniita “ndugu”. Ndugu! Miaka yote ni Baba Watoto, leo nimekuwa ndugu. Akasema anasikitika, chai ya kaya yao inatosha watu wa kaya yao. Nikamnong’oneza kwamba sasa inatosha, wamekwisha kuamini. Akasema hata yeye ameamini.

Kitinda mimba wangu akaniangalia kutoka kwenye mkeka. “Baba, wewe ni mgeni?”

Nilicheka. Nilipofika stoo sikucheka.

Jumanne, 14 Mei

Pesa zimeingia. Simu zilianza kulia upande wa kisimani zikaenea kama vyura baada ya mvua. Watu wanakumbatiana. Yangu nayo ikalia! Nikaifungua mbio mbio. Kampuni ya simu inanitakia siku njema.

Nikakimbia kumshauri Mama Watoto kabla hajafanya upuuzi. Nilishapata wazo la biashara: bata. Kuku wetu wote walikufa maji. Bata je? Anaelea! Mafuriko yakija mwenye bata hana hasara. Ajabu hakuna aliyewahi kuliwaza hili.

Nimechelewa. Alishakwenda dukani na kaka yake. Wakarudi na mabati, misumari, mbegu za mahindi yanayokomaa mapema, mbegu za maharage, na mkanda mpya wa cherehani. Mkanda! Nikamuuliza shemeji inakuwaje pesa nyingi namna hii zitumike bila kumshirikisha mwanamume wa nyumba. Akauliza, “Yupi?”

Ijumaa, 17 Mei

Nimepita kwenye ujenzi kwa bahati mbaya. Nimepita kwa bahati mbaya mara nyingi kidogo.

Wamehamisha nyumba. Haipo tena bondeni, iko juu kwenye mwinuko, na msingi ni wa mawe. Mama Watoto amesema mto umeshaonyesha mpaka wake, mwenye macho haambiwi tazama. Zamani nilimkatalia kujenga hapo kwa sababu ni mbali na mto kuchota maji. Bado naona nilikuwa na hoja.

Shemeji alikuwa anatafuta vibarua wa kukanyaga udongo. Nikamkumbusha kuwa mimi ni mwenye nyumba. Akanikumbusha niliyoyatangaza uwanjani. Tumbo langu likanguruma, akalisikia. Nikakunja suruali, nikaingia kwenye tope.

Kibarua! Kwenye nyumba yangu mwenyewe! Jioni Mama Watoto akatulipa mmoja mmoja, mimi wa mwisho. “Asante, ndugu. Kesho uwahi.”

Binti yangu mkubwa ndiye aliyetugawia chakula vibarua. Alinijazia sahani kuliko wenzangu, halafu akageuka haraka. Maharage yalikuwa matamu. Nilikula nimeinamisha kichwa ili wasinione uso.

Jumatatu, 20 Mei

Cherehani imefufuka. Sare za watoto wa kijiji zilikwenda na maji, na shule inafungua madarasa, kwa hiyo wazazi wamepanga foleni kwa mke wangu. Wana pesa za kulipa, hata wao wametumiwa. Mwenye duka amejaza rafu tena. Shemeji ana kazi mpaka anakataa nyingine. Pesa zile zile zinatoka mkono huu zinakwenda ule, na kila zinapopita zinaacha kitu. Mambo haya ya uchumi wengi hawayaoni. Mimi nimeyaona yote nikiwa kwenye tope.

Ndipo nikaamua na mimi niingie sokoni. Kwa ujira wangu wote, na wa Tarumbeta, kibarua mwenzangu, tumenunua bata. Wanene, wenye afya. Tukawapeleka mtoni wakaoge.

Bata wanaelea. Hilo nililisema tangu mwanzo na sina haja ya kulirudia. Waliingia majini, wakaelea, wakaelea, wakapinda kona. Tarumbeta akaniuliza watarudi saa ngapi.

Alhamisi, 23 Mei

Paa limeezekwa. Mabati yanawaka juani, yanaonekana mpaka barabarani. Nilikuwa nanawa miguu Mama Watoto aliponiita pembeni. Nikafurahi. Nikadhani anataka ushauri.

Akasema, “Ulisema mapishi yangu yamekushinda. Mbele ya mama yangu.”

Nikaeleza kuwa ilikuwa mbinu, kwamba uongo usio na mfano hauaminiki, kwamba mtaalamu yeyote...

“Mto ulipobeba nyumba sikulia,” akasema. “Niliwashika watoto, nikapanda mlima. Siku ile uwanjani nilirudi darasani nikalia.”

Nikainama, nikaanza kukwangua tope kwenye kucha. Mimi! Huwa nina neno kwa kila jambo.

Akafunga kanga vizuri. “Uliniacha mbele ya watu. Ukitaka kurudi, nirudie mbele ya watu hao hao.” Akaondoka.

Kile kitanda chao kipya alichotengeneza shemeji nimekiona mlangoni. Ni kipana.

Jumamosi, 25 Mei

Shirika limerudi kuangalia watu wanaendeleaje. Uwanja umejaa. Mama Watoto akaitwa mbele aeleze. Akaeleza bila karatasi: nyumba, mbegu zimeshapandwa, cherehani, mtoto mkubwa amerudi darasani na daftari jipya. Watu wakampigia makofi. Safari hii na mimi nilipiga.

Kisha nikasimama. Nikasema sikuachana na mke wangu, nilidanganya ili tupate mafungu mawili, na mapishi yake nayalilia kila asubuhi. Kijiji kikacheka mpaka Mwenyekiti akapiga meza. Mama mkwe hakucheka, ila alisogea kwenye benchi. Nafasi ya mtu mmoja.

Binti wa miwani akavua miwani, akaifuta, akanieleza kwa upole. Kumbe fungu la kila kaya hupangwa kwa kuhesabu watu waliomo. Watu wakizidi, pesa zinazidi. Nilipojitoa, ile sehemu yangu nikaitupa mwenyewe.

Kumbe! Sasa si wangesema mapema? Kosa ni lao.

Mama Watoto alikuwa ameshaanza kuondoka na watoto. Akageuka. “Baba Watoto, chukua hilo blanketi lako twende.”

Sikulia. Vumbi la uwanja ule ni baya sana.

Jumapili, 26 Mei

Nimeamka nyumbani. Mvua imenyesha alfajiri, imepiga mabati weee, na hakuna tone lililoingia ndani. Nimetoka na chai yangu kutazama shamba. Mahindi yametoboa udongo, kijani tupu, mistari imenyooka. Mama mkwe amenisalimia. Amenisalimia kwanza yeye! Shemeji amekuja kupiga msumari wa mwisho, akaniita shemeji. Kwa ujumla naona mipango yangu imeleta matunda, ijapokuwa kwa njia ndefu kidogo.

Mwenye duka amenipa habari moja nzuri mno. Anasema mwezi ujao linakuja shirika jingine, kubwa kuliko hili. Hilo linawasaidia wajane.

Nimelitafakari jambo hili kwa makini. Si lazima nife sana. Wiki mbili zinatosha, na safari hii nitahakikisha kwanza wanahesabu vipi. Mama Watoto yuko jikoni, anaimba. Nitamweleza akishakunywa chai. Mtu hapewi habari za msiba akiwa na njaa.