Mtunza Stoo Atangaza Vita na Ubadhirifu

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka kunyamaza! Ofisi ya walimu: saa nne asubuhi, jua limejaa tele, taa zote zinawaka. Feni inapepea viti vitupu. Bomba la uani linamwaga maji tangu Ijumaa. Shule nzima imeuchuna. Basi nitasema mimi, mtunza stoo. Mwalimu mkuu anatafuta Msimamizi wa Matumizi; cheo nakiona kile kinakuja. Mwalimu wa michezo, ambaye kwa bahati mbaya ni shemeji yangu, atanikoma.

Jumanne, 4 Machi
Nimebandika matangazo themanini: ACHENI KUPOTEZA KARATASI. Mwalimu mkuu kauliza karatasi za mtihani zimekwenda wapi. Nimemwahidi uchunguzi mkali.

Jumatano, 5 Machi
Leo vitendo. Nimefunga koki kuu. Bomba kimya. Ushindi!
Ushindi wa dakika tatu. Mwalimu mkuu katoka msalani uso umejaa povu la sabuni, anapapasa ukuta, anauliza ni nani. Shemeji kaninyooshea vidole. Vyote kumi.

Alhamisi, 6 Machi
Kikao. Hotuba yangu, kurasa kumi na moja. Ukurasa wa pili tu, shemeji anakoroma! Kisha mama mpishi, aliyeleta chai, kaomba neno.
“Jamani, bomba lile linataka mpira mpya tu, na ninao hapa. Tangu Ijumaa naomba spana, naambiwa nisubiri. Na taa, anayetoka wa mwisho azime. Kuna ugumu gani?”
Makofi! Hata mimi nilipiga, kabla sijakumbuka kununa. Mwalimu mkuu kauliza spana anaombwa nani. Macho yote kwangu. Kweli, nilimwambia mama asubiri. Nilikuwa naandika hotuba.

Ijumaa, 7 Machi
Bomba limepona. Watoto wa darasa la tatu wanakimbizana kuzima taa, vicheko hadi uani. Mama mpishi ndiye Msimamizi. Shemeji kambeba juu juu, mwiko mkononi. Nami nimecheka, sikatai. Raha tupu.
Nimejichunguza kwa makini. Kosa langu moja: nilianza na vitu vidogo. Yapo makubwa, mfano kengele. Kwa siku inapigwa mara tisa! Kwa nini? Nimeifungia kabatini, watu wajifunze kuwa na kiasi.
Sasa ni saa kumi. Shule hufunga saa tisa. Ajabu, hakuna darasa hata moja lililotoka.