Alarme ya Pikipiki Siku ya Posa

Bandugu, leo nimepata haya yenye haina dawa. Nimefika nyumbani Baraka sasa hivi, hata viatu sijavua. Naandika juu nikinyamaza nitapasuka.

Munajua leo ilikuwa siku ya posa. Mi na baba mudogo Alimasi tulipaswa kwenda Mboko, kwa bazazi ba Riziki, mupenzi wangu, kuomba mutoto wao. Usingizi ulinikataa. Asubuhi nikazunguka nyumba mara tatu, nikakaa, nikasimama. Mikono inanikula! (Mi ni fundi wa simu na radio. Mikono ya fundi ikikosa kazi, inatafuta matata.)

Basi nikafungua moto. Moto njo ile pikipiki yangu kubwa ya safari, yenye iko na plastike pana mbele, bafundi banaita karenaji. Ndani yake kuna nafasi kama kabati. Nilishaweka taa za bluu na chaja ya simu. Nikajiambia: leo alarme nayo iingie. Bakwe baone banapata muntu wa maana!

Alarme hii haifanye "pii pii". Unaipa sauti yako mwenyewe, na muntu akigusa moto, inasema. Nikasogeza mudomo, nikapaza: "Weee! Mwizi! Toa mukono! Nitakuchapa!"

(Nilijisikia simba.)

Baba mudogo akatokea, amevaa koti.

"Tunaenda kuomba muke ao tunaenda vita?"

"Dakika tano tu, baba mudogo. Ni fili ine, nyaya za umeme."

Mbili kati ya hizo fili zilikuwa za rangi moja. Muntu mwenye akili angezipima kwanza. Mi nikazisokota, nikafunga na utepe wa skochi. Nikaunganisha yote moja kwa moja na batri, juu kuipitisha kwa ufunguo kungenikawisha. Nikakaza vis kumi, skrubu za karenaji. Nikabonyeza telekomande, rimoti yake ndogo, ikalia kidogo. Tukaenda.

Njia yote vumbi na mashimo. Tukapita Lusenda, moto kimya. Mi njo sikuwa kimya. Niliuliza baba mudogo mara ngapi kama shati yangu iko sawa? Akaacha kujibu.

Mboko, bakatupokea vizuri. Nikasimamisha moto katika uwanja, karibu na mihogo iliyoanikwa. Tukakaa ndani, mulango wazi. Baba mudogo akakohoa, akaanza: "Papa, tumeona ua limechanua katika lupango, hapa kwenu..."  Katika mufuko nikabonyeza telekomande, ili moto ijilinde.

Kuku akaruka juu ya kiti cha moto.

"WEEE! MWIZI! TOA MUKONO! NITAKUCHAPA!"

Baba mudogo akameza neno lake. Nikakimbia inje, nikabonyeza, ikanyamaza. Nikarudi natoka jasho.

"Ni nini?" baba yake Riziki akauliza.

"Ni radio, papa." (Ndiyo, nimedanganya. Siku ya posa!)

Baba mudogo akaanza tena na ua lake. Kamyo ya mizigo ikapita barabarani, chini ikatikisika.

"WEEE! MWIZI!"

Nikakimbia tena. Niliporudi, mzee alikuwa ananiangalia polepole.

"Radio yako iko na sauti kama yako."

Nikakaa, nikanyoosha shati. 

Sasa musikilize vizuri. Kwetu, mama mukwe hata machoni haumuangalie. Ukimukuta njiani, unapisha. Mama yake Riziki akatoka jikoni na beseni ya unga kichwani, anapita pembeni asitusumbue. Kikwembe alichojifunga kikashika usukani wa moto.

"WEEE! MWIZI! TOA MUKONO! NITAKUCHAPA!"

Beseni chini. Unga wote kwenye mavumbi. Mama akasimama, mikono juu, kama amekamatwa kweli.

Nikabonyeza telekomande. Ikaongeza sauti! Nikabonyeza tena, taa za bluu zikaanza kuwaka na kuzimika. Nikachomoa ufunguo. Wapi! Majirani bakaingia na fimbo.

"Mwizi iko wapi?"

Mama akatikisa unga kwenye mikono. Akanionyesha na kidole.

"Mi sijui mwizi. Lakini sauti ni ya huyu."

Turnevisi ya kufungulia vis niliiacha nyumbani juu ya kitanda. Riziki akaniletea kisu cha kukatia majani ya sombe. Nikalala chali kwenye unga, na shati nyeupe, nafungua vis moja moja, na sauti yangu mwenyewe inanitisha: "Nitakuchapa!" Kila ikisema, majirani banaitikia: "Muchape!" Riziki alishika plastike, mabega yanaruka kwa kicheko. Vis ya kumi ikatoka. Akaingiza kichwa ndani.

"Hizi mbili ni rangi moja. We ni fundi wa nini?"

Akakata zote mbili. Kimya.

Tukarudishwa kwenye viti. Mama hakutoka tena, alisemea nyuma ya mulango, na sisi tunaangalia chini.

"Posa nimeisikia. Mboko nzima imeisikia. Siku ingine bakuje na mbuzi wa kunifuta haya, halafu tutazungumuza mambo ya mutoto. Na ile moto isikanyage hapa."

Baba mudogo akashukuru haraka, mbele bazazi babadilishe mawazo. Riziki akatusindikiza mupaka barabarani.

"Ukikosa kurudi," akaninongoneza, "mi njo nitakuita mwizi, tena bila umeme."

Basi njo hivyo. Kama kuna mwenye kujua mbuzi munyamavu, aniandikie. Mwenye anacheka, achekee kwake na afunge mulango.