Mama Alinikana Mbele ya Mahindi ya Serikali

Jamani, leo mimi nimeaibika, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe. Nawaandikia ninyi mliobaki chuoni Kampala kabla habari haijawafikia ikiwa imetiwa chumvi.

Mnajua nilivyokuwa. Miaka miwili sijamwona mama. Nikila viazi vya bwenini, nauota muhogo wake wa nazi. Nikilala, naisikia sauti yake ikiita kuku. (Ndiyo, ni mimi huyuhuyu niliyewaambia kwamba kulilia kwenu ni ugonjwa wa watoto. Nyamazeni.)

Asubuhi nikashuka kwenye lori Msambweni, nikatembea mpaka nyumbani. Mlango umefungwa! Masika hayakunyesha, vuli ikapita kando. Mihogo imebaki vijiti. Jirani akaniambia, "Mamako yuko kwa chifu. Leo wanapima mahindi ya serikali." Sikungoja zaidi. Nilikimbia na viatu vyangu vya kamba na tai shingoni. (Nani alinituma kuvaa tai?)

Uwanjani kwa chifu, foleni ya akina mama, kila mmoja na kikapu chake. Mbele, magunia, na karani mgeni kutoka Mombasa. Na mama! Amekonda. Zamu ni yake.

"Una mume?" karani anamuuliza.

"Alifariki."

"Una mtoto mwanamume, mtu mzima?"

Hapo ndipo nilipopiga kelele: "Mama! Mama, nimerudi!"

Mama akageuka. Akanitazama kuanzia tai mpaka viatu. Akamgeukia karani. "Sina."

Nilidhani jua limemwingia machoni. Nikasogea. "Mama, ni mimi, Hamisi!"

"Kijana, umepotea njia," akasema, akikisogeza kikapu chake mbele ya karani.

"Bibi, huyu si wako?" karani akauliza.

"Huku kwetu kila mama huitwa mama," akadakia Bi Mejumaa, shangazi yangu. Shangazi wa damu! "Huyu jua limempiga. Tazama alivyojifunga shingo."

Foleni nzima ikacheka. Wote walinijua, wote walinikana.

Laiti ningenyamaza! Lakini mnanijua, nikauliza kanuni inasemaje. Karani akanieleza: mjane asiye na mwana mzima hupewa bure. Mwenye mwana mzima, mwanawe akakate barabara kwanza, ndipo wapewe.

"Na mwana akiwa masomoni, hana mshahara, mama atakula nini? Atakula elimu? Kwani njaa huuliza nani ana mwana?"

"Wewe unamsemea mama gani?" akauliza karani.

Nikaelewa. (Shahada iko mlangoni, akili ndiyo kwanza inashuka kwenye lori.)

"Samahani, bibi," nikamwambia mama. "Nimekufananisha. Mimi narudi zangu Kampala."

Nikageuka. Nyuma yangu nikasikia mahindi yakimiminika kikapuni. Nikajisifu moyoni: nimevuka!

Ila kwetu mtoto haendi safari bila mama yake kumsomea dua na kumpulizia usoni. Mama hajawahi kuliacha hilo, hata alipokuwa akinituma Tiwi tu. Nikasikia kikapu kinaanguka. Kutazama, mama anakuja mbio, leso inapepea! Akanivuta kwa tai, nikainama kama mbuzi sokoni. Akasoma. Akanipulizia paji la uso, kulia, kushoto, na mate kidogo ndani yake. Mimi niliyebishana nanyi kwamba pumzi ni hewa tu! Nilifumba macho nikatamani asimalize.

Alipomaliza, karani alikuwa amesimama, kalamu mkononi.

"Bibi," akasema karani, "wapita njia wote unawasomea hivi?"

Mama akanishika mkono, kwa nguvu. "Ni wangu. Ningemwachaje aende hivihivi? Huoni alivyokonda?"

Mahindi yakarudi guniani. Na uwanja ukaangua kicheko, shangazi yangu akiongoza!

Sasa ni jioni. Mama ameketi karibu nami, ananitazama tu, kana kwamba nitayeyuka. Kesho nakwenda kukata barabara ya Vanga ili apate mahindi yake. Anayetaka kunicheka, ruhusa, ila aje acheke akiwa ameshika jembe. Chifu anayo mengi.