Bia ya Kumkalisha Mzee

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Barua kutoka Rangwe! Ya kwanza tangu mwaka juzi. Mkwe wangu, Mzee Cephas, anaandika kwamba Jumamosi tarehe kumi na tatu atapita Migori akielekea harusini Sori. Atasimama mlangoni, atamwona Robi, atakunywa maji, ataenda zake. "Sitakaa." Neno hilo amelipigia mstari mara mbili.

Mke wangu Rael aliisoma, akaikunja, akaiweka pamoja na nguo za mtoto. Robi ana mwaka mmoja na miezi minne. Babu yake hajawahi kumshika.

Niandike wazi kwamba kosa halikuwa langu. Siku ya kumzika mama yake Rael tulifika kaburi limeshafunikwa. Nilikuwa nimetupatia nafasi ya bure kwenye lori la mawe. Springi ilikatika Rongo. Nani angejua?

Hata hivyo, nina mpango. Mzee alifanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha bia, upande wa kimea. Husema bia ya siku hizi ni sukari na kelele. Na mimi nina kitabu! Yule Mzungu wa mradi wa maji aliacha sanduku, na ndani mna kitabu cha kutengeneza bia nyumbani. Kwa nafaka tupu. Bila sukari hata kijiko. Hakuna mzee atakayekunywa bia ya namna hiyo akiwa wima.

Jumanne, 2 Agosti

Baada ya kusoma mita za maji za mtaa mzima, nilipita dukani kwa Dahir. Kilo nne za shayiri. Safi, nyeupe, inang'aa kama meno ya mtoto. Dahir akauliza ni ya nini. Nitamwambiaje Mwislamu kwamba ni ya bia? Nikasema nyumbani kuna mgonjwa, anahitaji uji. Akasikitika sana. Akaongeza nusu kilo bure, akasema atamwombea. Nilitoka haraka.

Rael alichukua punje moja akaigeuza kwenye mwanga. Akasema, Baba Robi, hii imekobolewa, itachipuaje? Nikamweleza kwamba nafaka ni nafaka. Akasema sawa.

Nimeiloweka kwenye beseni. Yeye naye ameloweka wimbi, eti la uji wa Robi. Baadaye nilimwona akilitia kwenye gunia na kulifunika kwa majani ya migomba nyuma ya nyumba. Uji wa aina gani huo? Sikuuliza. Nina mambo makubwa.

Alhamisi, 4 Agosti

Haijachipua. Inanuka.

Jirani yangu Mayaka, muuguzi, alichungulia juu ya ua. Huniita Bwana Mita. Akauliza kitu gani kimefia kwenye beseni. Ilibidi nimweleze mpango wote, maana nahitaji kipimajoto chake. Kitabu kinataka maji ya nyuzi sitini na sita.

Alicheka mpaka akashika ua. Akasema kipimajoto cha homa kinaishia arobaini na mbili. Kitapasuka, zebaki itaingia kwenye bia, na safari hii Bwana Mita atachelewa mazishi ya Mzee mwenyewe.

Mtu mbaya. Kipimajoto hakutoa.

Jumamosi, 6 Agosti

IMECHIPUA!

Jana nilikata tamaa kabisa, nikamwachia Rael aihamishie guniani. Leo asubuhi nafungua gunia, vimizizi vyeupe kila mahali, vimeshikana kama ndevu! Punje zimekuwa ndogo sana, na nyekundu. Kitabu hakisemi hivyo, lakini kitabu kiliandikwa nchi ya baridi. Harufu nayo imekwisha.

Nilimwita Rael aone. Akaona. Akasema hongera, Baba Robi. Akaianika juani yeye mwenyewe, akiitandaza kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

Kuku wa Mayaka wamevimbiwa. Wamelala chini ya ua wakihema, hawawezi hata kukimbia mbwa. Muuguzi mzima, kuku wake mwenyewe wanamshinda!

Jumatatu, 8 Agosti

Siku ya kupika. Kazini nimesema naumwa.

Bila kipimajoto, nilitumia kiwiko, kama tunavyopima maji ya kumwogesha Robi. Maji ya Robi hayafiki nyuzi sitini na sita. Sasa najua. Nilipiga ukelele.

Rael akaja. Akamimina kata moja ya maji ya mtungini, akachovya kidole, akatoa, akachovya tena huku akihesabu kwa Kijaluo. Akasema, sasa weka. Nikamwambia asichezee sayansi. Hakunisikia. Alikuwa ameinamia sufuria na uso wake umelegea. Sijamwona hivyo tangu mazishi.

Halafu kitabu kinataka maua fulani machungu, ambayo Migori hayapo. Akili! Mwarobaini. Niliweka konzi tatu, nikaenda kwa Mayaka kufungwa bendeji. Kurudi, majani yote yameyeyuka! Ndiyo faida ya kuchemsha vizuri. Ila jalalani nimeona rundo la majani ya mwarobaini yaliyochemshwa. Ni Mayaka huyo. Muuguzi anajitibu malaria kwa miti shamba! Nitamwekea akiba hiyo.

Hamira nimenunua kwa Dahir. Amefurahi kusikia kwamba mgonjwa sasa anakula mkate.

Mtungi wa bia nimeuficha chini ya kitanda. Pombe ya nyumbani ni kesi, na naibu wa chifu ana pua.

Ijumaa, 12 Agosti

Balaa! Dahir amekuja kumwona mgonjwa!

Alitoka msikitini moja kwa moja, kanzu nyeupe, chupa ya maziwa mkononi. Nikamsikia Rael akimkaribisha kwa sauti kubwa, bila haya yoyote, akimwambia mgonjwa yuko chumbani. Nikaruka kitandani na viatu, nikajifunika.

Dahir akaketi kando yangu. Akaona bendeji, akatikisa kichwa. Akainua mikono, akaomba. Chini yangu mtungi ukasema blup. Akatega sikio. Blup. Blup. Akaniwekea mkono begani, akasema kwa upole kwamba tumbo hilo, ndugu yangu, bado halijapona, mkate niuache, nirudi kwenye uji. Maziwa akayaacha mezani. Kesho kutwa ataniletea shayiri nyingine.

Rael alikuwa amesimama mlangoni, leso mdomoni, mabega yanatikisika. Dahir alipoondoka akakaa chini sakafuni akacheka mpaka Robi naye akaanza kucheka bila kujua ni nini. Nilitaka kukasirika. Nikasahau.

Halafu akaacha kucheka. Akauliza kama nadhani kesho baba yake atakaa. Nikasema kwa bia yangu, lazima.

Jumamosi, 13 Agosti

Mzee alifika saa tano. Kofia, fimbo, vumbi hadi magotini. Akasimama mlangoni, kama alivyoandika. Rael akampokea fimbo. Mzee akamtazama Robi kwa mbali. Robi akamtazama. Hakuna aliyesogea.

Mayaka alikuwa ameshakuja na kigoda chake, asikose kuona aibu yangu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi. Kurasa mbili, na mchoro wa springi. Sikuifikia. Mzee aliomba maji. Nikampa kikombe cha bia.

Akanusa. Akaonja akiwa wima. Akasema humu hamna shayiri. Nikasema Mzee, kilo nne na nusu! Akasema ameigeuza shayiri kwa koleo miaka thelathini, na humu hamna hata punje moja. Hili ni wimbi. Akauliza kimea chake kilichipushwa wapi.

Nikafungua mdomo. Rael akanitangulia. Akasema nyuma ya nyumba, chini ya majani ya migomba. Kinageuzwa kwa mkono alfajiri na jioni, hakioni jua mpaka siku ya nne. Akasema ndivyo alivyofundishwa na Mama.

Mzee akaonja tena. Mayaka alianza kutania, akaacha katikati.

Kisha Mzee akasema jambo kwa Kijaluo. Mimi ni Mkuria, na Kijaluo changu ni cha sokoni, lakini nilisikia akisema huu ni mkono wa mama yako. Na nikasikia nyara. Hilo nalijua. Binti yangu.

Halafu akatazama nyuma yake, akitafuta kiti.

Mayaka akamsukumia kigoda. Mzee akakaa! Saa tano na dakika ishirini. Niliangalia saa.

Nikatoa hotuba mfukoni. Mzee akasema, Wangwe, nyamaza, nakunywa. Robi akaja mwenyewe, akapanda gotini, akamvua kofia, akaivaa. Rael akasema anakwenda kuleta kuni. Moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi. Alichelewa huko nje, akarudi bila kuni, amenawa uso.

Saa nane nilimkumbusha Mzee harusi ya Sori. Akasema harusi haifukiwi, ataikuta.

Jumapili, 14 Agosti

Mzee aliondoka jana saa kumi, na kibuyu cha bia. Ametualika Rangwe mwezi wa Desemba, kwenye kumbukumbu ya marehemu. Sote watatu!

Nimetafakari ushindi wangu. Kuhusu lile wimbi, ulimi wa Mzee umezeeka, si la kubishana. Au huenda shayiri ikipata joto la Migori hugeuka wimbi. Nitachunguza. Nimeshamwagiza Dahir gunia zima. Akauliza kwani wagonjwa ni wangapi. Nikasema ni ukoo.

Na usafiri wa Desemba nimeshaumaliza! Nafasi tatu za bure, mbele kabisa, karibu na dereva. Lori la mawe. Ameniapia kwamba springi ni mpya.

Nilimpasha Rael habari hizo njema. Alinirekebishia bendeji, akaenda kwenye ua, na nikamsikia akizungumza na Mayaka kuhusu saa za mabasi ya Desemba.

Nadhani Mayaka anahama. Aende salama.