Malkia wa Umande na Mkono wa Birika

Jumamosi, 6 Agosti

Mkutano wa Chama cha Mimea Inayokula Wadudu, ukumbi wa nyuma ya kanisa, Veendam. Kahawa nyepesi. Biskuti moja kwa kila mtu, kisha kopo likafungwa. Sina neno na hilo, ndivyo tulivyolelewa. Ila watu hao hao wanaofunga kopo la biskuti wanataka mimi nimfungue Malkia wangu!

Malkia ni mmea wangu wa umande. Si wale wa kienyeji wanaojiotea kwenye vinamasi vyetu, kila mtoto wa shule anawajua. Wangu asili yake ni mabonde yenye kivuli ya Australia. Majani mapana kama kiganja cha mtoto, yamejaa vitone vya gundi vinavyong'aa. Mdudu akitua, ndiyo kwaheri. Hataki joto, hataki jua, hataki upepo, hataki maji ya bomba, na nadhani hataki watu. Tunaelewana sana.

Joto la Julai limewaua wa aina yake wengine wote chamani. Hata wa Tjitske Hoekstra, jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, mwimbisha kwaya, tena Mfrisia, wa kutoka jimbo jirani hapa Uholanzi. Nilikwenda kumpa pole, nikala keki yake kwa furaha. Kwa hiyo amebaki wangu peke yake, na maonyesho ni Septemba. Mwaka huu kikombe ni changu! Miaka yote kinakaa dirishani kwa Tjitske. Hana pazia, nani ana pazia mtaani kwetu, basi kila ninapokunywa chai kinanitazama. Nimeshapima dirisha langu. Kitaenea.

Lakini mwenyekiti, Reint Wubs, akasimama kunikumbusha sheria. Haingii mtu kwenye maonyesho kabla hajaweka fungu la mmea wake kwenye meza ya kugawana. "Mmea huu unamfia kila mtu siku yake ikifika, Bwana Hazewinkel. Ukimpa mwenzako umejiwekea akiba." Tjitske akaongeza, kwa ile sauti yake ya kanisani, kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wote wakatikisa vichwa kama bata. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Huyo? Mkono wa birika!" Nimeijua sauti. Nimeiweka moyoni.

Jumanne, 9 Agosti

Nimepata njia! Malkia ana binamu. Majani membamba, haoni haya, anaota mpaka kwenye sinki. Kila mwanachama anamng'oa kama gugu. Basi nimekata majani ya binamu vipande vidogo kama kucha, nikafunga kwenye tishu zenye unyevu, nikaandika "Malkia" juu ya kila kifurushi. Kucha ni kucha. Mpaka zichipue na wajue wamefuga nini, kikombe kitakuwa kimeshazoea dirisha langu.

Hiske, mke wangu, akasimama mlangoni na kikapu cha nguo. Akasema, "Gerlof, hayo si majani ya Malkia." Nikamwambia kijani ni kijani. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwamba mimi nina baiskeli.

Nikiwa nasafisha chungu cha Malkia, nikaona jambo la kutisha. Chipukizi! Dogo kama dole gumba, lina mizizi yake lenyewe. Mpumbavu angeshangilia. Mimi nikaona hatari papo hapo: Malkia wakiwa wawili, hakuna Malkia. Nikamwambia Hiske akalitupe kwenye pipa la maganda. Akalichukua, akavaa koti, akatoka nalo. Mke mtiifu, ingawa sijui koti la nini, pipa liko mlangoni.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimegawa vifurushi. Wakanipigia makofi! Wubs akasema leo chama kimepata ndugu mpya. Tjitske akanibana mkono, machozi yanamlenga, akasema, "Jirani, nilikudhania vibaya." Nikamwambia si kitu. Na kweli haikuwa kitu.

Halafu akasema wema wangu anaujua wote, hata ule nisiotaka utajwe. Sikumwelewa. Wafrisia huongea hivyo.

Jumanne, 16 Agosti

Hakuna mvua. Pipa langu la mvua limekauka, chini kuna konokono amekufa. Maji ya bomba hayafai, chokaa yake ni sumu kwa Malkia. Tjitske ana tangi chini ya bustani, marehemu mumewe alilichimba mwenyewe, na limejaa mvua ya tangu masika. Amewatangazia wanachama wote waje na madumu. Nimewaona kutoka dirishani, wamepanga foleni na baiskeli zao, wanacheka. Wubs alinipungia mkono niende.

Mimi nikapige magoti kwa Mfrisia kwa ajili ya maji? Afadhali kiu! Kiu ni ya Malkia, najua, lakini msimamo ni wetu sote wawili.

Nikakaa stoo nikiwaza, mashine ya kukaushia nguo inanguruma pembeni. Nikavuta kile kidroo chake cha chini. Maji! Masafi, hayana chokaa hata punje, maana ni mvuke tupu uliopoa. Hakuna mtu chamani aliyewahi kuwaza hivi. Wao na madumu yao kama ng'ombe kisimani. Nikampa Malkia kisahani kizima, nikamwambia Hiske afue zaidi.

Jumapili, 21 Agosti

Nguo chafu zimekwisha. Nimempa Hiske mashuka safi ayafue tena, na bendera. Akauliza bendera ina kosa gani. Nikasema vumbi. Hakuuliza zaidi, nilimwambia tangu ujanani kwamba mambo ya mimea aniachie mimi.

Malkia anakunywa vizuri. Hata ananukia! Nimekagua kama ana ua, hana. Nahisi ni furaha.

Ijumaa, 26 Agosti

Vitone vya gundi vimekauka. Kingo za majani zimekuwa nyeusi. Nimemwongezea maji.

Wubs akapiga simu. Vipande vyake vimeanza kuchipua, tena haraka ajabu, lakini vijani vyake mbona vyembamba? Nikamwambia ukame huu, Bwana Mwenyekiti, nani asiyekonda? Akasema ni kweli, hata yeye suruali zimemlegea. Mtu huyu alifundisha hesabu maisha yake yote. Nawaonea huruma watoto wa Veendam.

Jumatano, 31 Agosti

Malkia amekufa.

Ameoza mpaka moyoni. Nimeketi naye stoo tangu asubuhi. Nimelia, nakiri, tena sana. Alikuwa kiumbe pekee aliyekuwa mgumu kuliko mimi.

Hiske alinifuata na bakuli la supu ya njegere. Akauliza maji nilikuwa napata wapi. Nikamwambia. Akaweka mkono mdomoni. Kumbe kila akikausha nguo humo anatia kitambaa chenye matone ya mafuta ya lavenda! Kila siku! Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nikuambie nini, nawe hukuniuliza? Ulisema nifue, nikafua." Basi. Mke wangu amemuua Malkia, na ushahidi unanukia nyumba nzima.

Jioni nikakumbuka maneno ya Wubs: ukimpa mwenzako umejiwekea akiba. Nikaruka! Nitakwenda kwa wanachama kudai changu kilichochipua. Nikavaa viatu, nikashika baiskeli. Kisha nikakumbuka nilichowapa.

Utaratibu huu wa kugawana ni mbovu. Ukidanganya kidogo tu haufanyi kazi.

Jumamosi, 10 Septemba

Maonyesho. Sikukata tamaa! Nilichukua chungu cha Malkia, nikakijaza udongo mweusi, nikausawazisha vizuri, nikasimamisha kibao: "Amelala, msimu wake wa mapumziko." Mtaalamu wa kweli angeheshimu jambo hilo. Wubs akainama, akatazama udongo kwa muda. Akauliza ataamka lini. Nikamwomba apunguze sauti.

Ndipo akaingia Tjitske, amebeba chungu kidogo chini ya kuba la kioo. Ndani, Malkia! Mdogo lakini mzima, majani mapana, kila jani na vitone vyake vinameta. Ni lile chipukizi! Ningelijua popote, nilikuwa nimeamuru life.

Tjitske akawaeleza wote. "Hiske aliniletea mwenyewe nyumbani. Akaniambia Gerlof anaona haya, hataki ijulikane." Makofi yalipasua dari. Wakaniimbia wimbo, ule wa siku ya kuzaliwa, maana hawajui mwingine. Wubs akasema miaka yote ya chama hajaona mtu mwenye moyo kama wangu, na yule aliyeniita mkono wa birika alipiga makofi kuliko wote. Kisha Wubs akamkabidhi Tjitske kikombe.

Nami nimesimama na chungu cha udongo. Nikamtafuta Hiske kwa macho. Alikuwa anachunguza biskuti kwa makini sana.

Jumatatu, 12 Septemba

Mvua, hatimaye! Kama kunikomoa.

Sijasema na Hiske tangu juzi. Nilipomuuliza kwa nini hakutupa nilichomwambia atupe, alijibu tu, "Nimekuokoa na dhambi mbili, Gerlof, ya uchoyo na ya ujinga. Ile ya pili naona nimechelewa."

Mchana kengele ikalia. Tjitske, amelowa chapachapa, na kikombe cha chai mkononi kimefunikwa kwa sahani. Kumbe chipukizi lake lilitoa pacha, naye amemtenga na mizizi yake. Akaniletea mimi. Hakunicheka. Alisema wazi kwamba aliona udongo ule na alijua hakuna anayelala humo. "Wangu ulikufa, wako ukaja kwangu. Sasa wako umekufa, wangu umekuja kwako. Ndiyo maana tunagawana, jirani. Hakuna mwenye kosa."

Nikahisi kitu cha joto kifuani. Kikakaa muda. Nadhani ni supu ya njegere ya leo.

Malkia wa Pili yuko stoo, kwenye ubaridi, juu ya kisahani chake. Kadogo mno. Nimekaangalia mpaka Hiske akanizimia taa.

Alhamisi, 15 Septemba

Nimefikiri. Sasa Veendam ina Malkia wawili, na maonyesho yapo tena mwakani. Mmoja amezidi. Si wangu.

Nyuma ya pasi nimekuta chupa mbili za maji ya mashine, akiba ya Agosti. Zimejaa, zinang'aa, na ukifungua kizibo ni shamba zima la lavenda. Nikavuka daraja, nikampelekea Tjitske. Nikamwambia ni shukrani, mvua safi kabisa, niliikinga mwenyewe Jumatatu. Akanikumbatia! Juu ya bega lake nilikiona kikombe dirishani. Nikakikonyeza.

Jumamosi, 17 Septemba

Tjitske amekuja kunywa kahawa. Bila kualikwa! Nikaenda jikoni kufungua kopo, nikamtolea biskuti moja, nikalifunga. Niliporudi sebuleni hayupo. Nikamsikia stoo, anaimba.

Alikuwa anamwimbia Malkia wangu. Akaniambia, jirani, hapa nakugombeza, kisahani kilikuwa kimekauka kabisa! Ila nisijali, ameshakijaza. Kwa bahati nzuri alikuja na chupa moja kati ya zile mbili. Kwake yeye ya nini, na tangi lake limefurika tangu Jumatatu? Zawadi nzuri kama ile, alisema, haipendezi kuila peke yako. Ya pili amempelekea Wubs.

Chupa ilikuwa tupu mkononi mwake. Yote! Mafua yamemziba pua tangu alipolowa, kwa hiyo hakunusa kitu. Nikamwaga kisahani, nikasuuza mizizi kwa mvua ya pipani, nikasuuza tena. Vitone vimeshaanza kukauka. Jani la chini ni jeusi. Hiske amepita na kikapu chake, akavuta harufu, akaniangalia, akaendelea na safari yake.

Mkutano ujao sitanyamaza. Nimelisema tangu mwanzo hakuna aliyenisikiliza, na sasa ushahidi ninao chunguni: kugawana ndiko kunakoua mimea.