Aliyelia Langoni

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu wa Kiswahili ametupa insha: safari yangu ya elimu, tangu chekechea hadi chuo. Nikanyoosha mkono. Nikauliza, kwa adabu, chuo tutakitoa wapi na sisi tuko darasa la saba. Akasema nifumbe macho nione mbele. Nikafumba. Akanikemea kwa kusinzia darasani.

Insha bora itasomwa Jumamosi, siku ya wazazi. Lazima iwe yangu! Mwaka jana Mama alifunika cherehani yake, akakaa kwenye benchi masaa matatu, na jina langu likatajwa mara moja tu: nikamletee mgeni rasmi kiti. Mwaka huu amesema atakuja tena. Hakusema kwa nini. Nadhani ana matumaini. Mimi pia.

Tatizo: chekechea nakumbuka kikombe cha njano, basi. Redio, anayekaa mbele yangu na hanyamazi, anakumbuka hata soksi alizovaa siku ya kwanza.

Jumanne, 4 Juni
Mbinu: kuuliza wakubwa. Mama, pini mdomoni, akasema siku ya kwanza niliingia darasani bila kugeuka nyuma. Aliyelia ni yeye, nje ya lango. Nikangoja aendelee. Akaendelea kushona. Nikamshukuru. Hapo hapatoki hata mstari mmoja.

Lakini Kaka! Yeye siku yake alilia, akang'ang'ania lango la shule mpaka bawaba zikang'oka. Walimu wawili na mpishi ndio waliombandua. Nikamwomba aniazime kisa hicho. Akasema chukua, mdogo wangu, mimi sikihitaji tena.

Jumatano, 5 Juni
Sasa chuo. Binamu yangu anasomea ufundi wa maji katika chuo kilicho nyuma ya soko. Nikaenda baada ya masomo, nikaketi nyuma kabisa ya ukumbi nichunguze. Akaingia mkufunzi, akagawa karatasi. Mtihani! Nimefundishwa kwamba kurudisha karatasi tupu ni utovu wa adabu. Swali: kwa nini maji hurudi nyuma kwenye bomba? Nikaandika kurasa mbili kuhusu umuhimu wa kusonga mbele. Penye namba ya usajili nikaweka namba ya nyumba yetu, 14.

Mlangoni Binamu akanishika sikio, akauliza nimefuata nini. Nikamjibu: uzoefu.

Alhamisi, 6 Juni
Kukusanya madaftari. Mwalimu husahihisha akianzia juu ya rundo, na akifika chini keshachoka. Kila mtu anajua. Redio akakimbilia kuweka lake la kwanza. Masikini! La kwanza huwa chini kabisa. Nikangoja, nikaweka langu la mwisho, juu.

Kiranja akabeba rundo hadi ofisini, akalibwaga mezani juu chini. Nimeona dirishani. Redio juu, mimi chini.

Jioni Binamu kaja amenuna. Mkufunzi anamtafuta mwanafunzi namba 14, aliyewapita watu wanane. Binamu ni mmoja wa hao wanane. Sielewi.

Ijumaa, 7 Juni
Nimechaguliwa! Mwalimu amesema safari hii alianzia chini, kwa sababu wanaojificha hukaa chini. Sijui nilijificha saa ngapi. Redio amenyamaza siku nzima.

Mama alipoambiwa alikata uzi kwa meno, akasema Jumamosi hapokei kazi ya mtu.

Jumamosi, 8 Juni
Mama alivaa gauni la kijani. Nikasoma. Lango lilipong'oka, ukumbi mzima ukacheka. Kaka, huko nyuma, akapaza sauti: "Lango langu hilo!" Nikaongeza kasi.

Desturi ya shule yetu ni kwamba mzazi wa aliyesoma husimama aseme neno. Mama akasimama. Akasema lango aling'oa mkubwa. Huyu mdogo aliuachia mkono wa mama yake akaingia, hakugeuka hata mara moja. Aliyelia ni mama mtu, na siku ile alishona mikono ya gauni la mteja nje ndani. Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi kuliko waliyonipigia mimi. Mwalimu akaichukua kamusi ya zawadi mikononi mwangu, akafikiri kidogo, akampa Mama.

Njiani Mama akaniuliza, kwa upole sana: "Mwanangu, ya kwako unayo. Ya kuazima ya nini?"

Jumapili, 9 Juni
Mwalimu amenipa hadi kesho niandike upya, ukweli mtupu, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Maneno ya Mama yameniingia. Ya kwangu ninayo! Nimefuta kilio cha Kaka, nimeweka cha Mama.

Ila mtu mmoja kulia kimya kimya, nani atasimama kusoma? Nimemwongeza mlinzi, naye analia. Na mvua. Lango lenyewe ni zuri mno kulitupa, kwa hiyo nimeliacha ling'oke.

Safari hii ameling'oa Mama.